Miwani ya jua kwenye uwindaji wa bata: yanayosemwa na ukweli wake

Mji wa Stuttgart, Arkansas, umezungukwa na mashamba ya mpunga na misitu inayojaa maji majira ya baridi, ndiyo maana bata wanaoshuka kutoka kaskazini kwa njia ya bonde la Mississippi hutua huko kwa wingi. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Januari 31, wawindaji hujificha kwenye maji hayo tangu gizani, na ubishi kuhusu miwani ya jua hauishi: kuna wanaoivaa bila kuwaza na kuna wanaoikataza kabisa kambini. Pande zote mbili zina nusu ya ukweli.

“Bata yuko juu, hawezi kuona kitu kidogo kama miwani.”

Anaona. Jicho la binadamu lina aina 3 za chembe zinazotambua rangi, la bata lina 4, na ya nne hupokea mwanga wa zambarau ambao sisi tunauona kwa shida. Zaidi ya hapo, macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa. Malardi, bata ambaye dume lake lina kichwa cha kijani, huona mbele, nyuma na juu yake kwa wakati mmoja bila kugeuza shingo. Kwa hiyo yule anayenong'ona “wamekwisha kupita, inua kichwa” anawaharibia wenzake. Bata waliokupita bado wanakuona, na wakizunguka kurudi watapita juu sana.

Kinachowashtua ni mng'ao na mwendo. Majani makavu hayamulikimuliki. Nukta ya mwanga inayowaka na kuzima kila unapogeuza kichwa ni kitu kigeni kwenye mandhari yao, na kundi lililokwisha kulegeza mabawa ili litue hupinda na kupanda juu ghafla.

“Lenzi za polaraizi hazing'ai.”

Hii ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu muuzaji wa miwani husema “inaondoa mng'ao” na mnunuzi hafikirii ni mng'ao upi. Chujio la polaraizi hufanyia kazi mwanga unaopita kwenda jichoni mwako. Mwanga unaodunda juu ya maji huwa umelala kwa mlalo, chujio lililosimama wima huuzuia, nawe unaona kisiki kilicho chini ya maji kabla hujakikwaa, au bata aliyejeruhiwa anayeelea amelaza shingo juu ya maji. Hiyo ni faida kubwa, na kwa anayetembea ndani ya maji ya kiuno ni usalama.

Uso wa nje wa lenzi, hata hivyo, haujabadilika. Plastiki au kioo laini hurudisha kama asilimia 4 hadi 5 ya mwanga unaokipiga. Inaonekana kidogo, lakini asilimia 5 ya jua lenyewe ni mwali mkali. Tena lenzi imebinuka kwa nje, kwa hiyo haitupi mwali upande mmoja tu kama kipande cha kioo bapa. Huusambaza pande nyingi, na bata anayezunguka juu ya maji upande ulio juani ataukuta mahali fulani.

Lenzi zilizopakwa tabaka la kioo, zile ambazo mtu akikutazama anajiona mwenyewe, zisiingie kabisa kwenye maficho. Chagua lenzi za kahawia au kaharabu zisizo na tabaka hilo, zenye dawa ya kuzuia mng'ao upande wa nje. Uliza waziwazi kuhusu upande huo, kwa sababu miwani mingi ya jua hupakwa dawa hiyo upande wa ndani tu. Fremu iwe ya rangi iliyofifia, isiyo na nembo ya fedha kwenye mikono.

“Kapelo inatosha kuweka kivuli.”

Ingekuwa kweli kama bata wangewindwa Juni. Stuttgart iko kama nyuzi 34.5 kaskazini ya ikweta. Mwishoni mwa Desemba jua halipandi zaidi ya nyuzi 32 hata adhuhuri. Kapelo yenye ukingo wa sentimita 7 hushusha kivuli cha sentimita 4 hivi usoni kwa jua la namna hiyo ukilitazama, ilhali ukingo wa chini wa lenzi uko sentimita 6 au zaidi chini ya kofia. Hiyo ni adhuhuri. Saa 2 asubuhi, wakati bata wengi wanaruka, jua liko chini ya nyuzi 10, na kivuli hakifiki hata kwenye nyusi. Ukiinua uso kuwatazama bata, hicho kidogo nacho kinapotea.

Kwa hiyo kivuli kinachofaa ni cha mahali ulipokaa. Weka jua mgongoni: uso na lenzi vinabaki gizani, na bata wanaokuja mbele yako ndio wanaopambana na mwanga. Upepo nao una neno, maana bata hutua wakiuelekea. Upepo wa ubavuni ni mzuri sana, kwa kuwa bata hupita mbele yako kwa ubavu badala ya kukuelekea moja kwa moja. Jua na upepo vikigongana, sisi tungelifuata jua na kusogeza bata bandia, zile sanamu zinazoelea majini kuwavuta bata.

Kwenye misitu iliyofurika simama upande wa kivuli wa mti mnene, bega likigusa shina, na piga maji taratibu kwa mguu. Viwimbi hivyo vinawatikisa bata bandia na kuvunja uso wa maji uliotulia kama kioo.

Kisha ni shingo. Fuata bata kwa macho, si kwa kichwa. Wakiwa juu yako kabisa, tazama maji: utaona kivuli au taswira yao ikipita.

“Basi vua miwani, yaishe.”

Hapana. Marisau, yaani chembe ndogo zinazofyatuliwa na bunduki, ya madini ya risasi yamekatazwa kwa uwindaji wa bata Marekani nzima tangu 1991, na wengi sasa hutumia ya chuma. Chuma ni kigumu, kikipiga maji au shina la mti hudunda badala ya kubonyea. Ongeza maganda ya moto yanayotemwa na bunduki ya jirani yako, na matawi yanayokuchapa ukitembea gizani. Jicho halina akiba.

Tafuta lenzi za polikaboneti, plastiki isiyovunjika kirahisi, zenye alama ya Z87+, ya kiwango cha usalama cha Marekani, kwenye fremu. Ile alama ya kujumlisha ndiyo inayosema zimepimwa kwa mapigo makali. Uwe na jozi mbili, au fremu moja ya kubadilishia lenzi: angavu kwa alfajiri, kahawia kwa jua likishapanda.

Hizo lenzi angavu si anasa. Sheria inaruhusu kuanza kupiga nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na wapo wanaoamini lenzi nyeusi zaidi ndiyo kinga bora. Lenzi ya daraja la 3, ambayo ndiyo miwani ya jua ya kawaida, hupitisha asilimia 8 hadi 18 tu ya mwanga. Ukiivaa alfajiri, dume la kijani na jike la kahawia wote ni vivuli vyeusi. Katika misimu ya karibuni Arkansas imeruhusu malardi 4 kwa siku, majike wasizidi 2, kwa hiyo kutotofautisha kunaweza kukufanya uvunje sheria. Weusi wa lenzi pia haukwambii chochote kuhusu miale ya urujuanimno: lenzi nyeusi isiyo na kinga hiyo hupanua mboni na kuingiza madhara zaidi.

“Piga lenzi msasa, au paka rangi isiyong'aa.”

Usifanye. Mikwaruzo hutawanya mwanga, na jua likikupiga mbele utaona ukungu mweupe mahali ambapo mbwa wako au mwenzako anaweza kuwa amesimama. Dawa ya mbu yenye DEET nayo hula plastiki. Wanaowinda bata wadogo kwenye msimu wao wa mapema wa Septemba, mbu wakiwa wengi, wanawe mikono kabla ya kushika miwani.

“Ukivaa barakoa umemaliza.”

Barakoa ya kitambaa inasaidia sana, kwa kuwa uso wa binadamu una mafuta na hung'aa hata bila miwani. Tatizo ni mvuke: pumzi hupanda puani, hukuta lenzi baridi, na baada ya dakika chache unaifuta miwani kwa glavu yenye tope, mkono ukipunga hadharani. Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Tembea hadi kwenye maficho bila barakoa, mwili upoe kwanza. Vaa barakoa yenye waya puani na uubane ukingo wa juu, kisha weka miwani juu ya kitambaa ili uzito wake uufunge ule ukingo. Nyumbani, usiku uliotangulia, sugua tone la sabuni ya vyombo kwenye lenzi kwa kidole na uikaushe kwa kitambaa laini bila kusuuza. Tabaka hilo jembamba hupunguza ukungu.

“Leo kuna mawingu, hakuna shida.”

Mwali wa jua haupo, ni kweli. Lakini vivuli navyo havipo, mwanga unaingia maficho kutoka kila upande, na uso mtupu unaoinuka juu ya nyasi unaonekana wazi. Siku hizo ongeza paa la nyasi, za hapo hapo ulipo.

“Nguo za mabaka za bei ghali ndizo zinazoficha.”

Michoro haina uzito kama kufanana kwa wepesi na giza la rangi. Kitambaa kipya kina mng'ao. Maficho ya kulalia, yale ya kitambaa ambayo mwindaji hulala ndani yake shambani, hupakwa tope la hapo hapo, hukaushwa, kisha hupigwa brashi. Nguo zifuliwe kwa sabuni isiyo na dawa ya kung'arisha, maana dawa hiyo hugeuza miale isiyoonekana kuwa mwanga wa buluu. Na ukisafiri kwenda Kenya, Tanzania au Uganda, nguo hizo ziache Marekani: raia kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi huko ni kosa la kisheria.

Kabla ya kuilaumu miwani, kagua pia maganda yenye vitako vya shaba yaliyotapakaa, chupa ya chai, saa na kioo cha simu. Funga simu kwenye fimbo ndefu, iinue mita 4 au 5 upande ambao bata watatokea, rekodi kwa dakika moja huku wenzako wakigeuza vichwa kama kawaida, kisha tazama video hiyo kivulini. Kila kinachomulika kwenye picha, kifunike au kiondoe.