Mzazi, njoo skuli na daftari

Mama mmoja kutoka Wilaya ya Micheweni, Pemba, alikuja ofisini kwetu na mfuko wa plastiki umejaa karatasi: kadi ya kliniki, barua za hospitali, picha za eksirei, risiti za dawa za miaka minne. Akazimwaga zote mezani. "Mwalimu, kila kitu kimo humu. Niambieni mwanangu ana nini." Mwanawe, wa miaka tisa, alikuwa amekaa pembeni akizungusha kifuniko cha soda.

Nilimwomba karatasi aziweke kando kwanza. Nikamuuliza: mtoto akipewa kitabu, hufanya nini? Alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo halikuwamo katika karatasi hata moja. "Kila penye *dada* yeye husoma *baba*. Lakini kwenye chuo cha Kurani kashahifadhi Juzuu Amma yote, maalimu wake anamsifu."

Mtoto aliyehifadhi juzuu nzima kwa kusikia hana tatizo la kukumbuka. Kuchanganya b na d ni kawaida kwa anayeanza kusoma, na peke yake hakumpi mtoto jina lolote la ulemavu. Kukiendelea hadi darasa la tatu, lazima mtu akae naye aangalie. Sentensi ile moja ya mama ilitupa pa kuanzia kuliko mfuko mzima.

Wazazi wengi wanaokuja kwetu wanatafuta jina. Usonji, mtindio wa ubongo, ulemavu wa akili. Jina lina kazi yake, hasa hospitali, na simzuii mtu kulitafuta. Lakini mwalimu mwenye darasa lililofurika hana la kufanya na neno "usonji". Mwambie, "Kengele ikilia huziba masikio akakimbilia nje," naye atajua wapi pa kumkalisha, na kwamba amjuulishe kabla haijalia.

Kwa hivyo nunua daftari dogo. Kwa wiki mbili andika unachokiona, si unachokidhania. "Mvivu" ni dhana yako. "Anaandika mstari mmoja kisha analaza kichwa mezani" ndicho ulichokiona. Andika na anayoyaweza, maana wazazi huisahau sehemu hii na mimi ndiyo ninayoitafuta mwanzo. Ukimtuma dukani hurudi na chenji kamili? Msimu wa karafuu hukaa mkekani na wenzake akatenga karafuu mbali, makonyo (vijiti vyake) mbali, bila kuchanganya? Basi macho na vidole vyake vinaelewana, na mwalimu anaweza kuanzia hapo kumfundisha kupanga na kuhesabu.

Masikio yanataka kurasa zake. Mtoto aliyetokwa na usaha masikioni mara kwa mara, aliyeugua homa ya uti wa mgongo, au aliyepata manjano kali baada ya kuzaliwa, anaweza kuwa hasikii vizuri na nyumba nzima isijue. Akiwa karibu na anautazama mdomo wako, hujibu. Mwite akiwa amekupa mgongo, kwa sauti yako ya kila siku, bila kupiga makofi. Kama mara nyingi hageuki, mpeleke kituo cha afya kabla ya kugombana na mwalimu. Hilo si kipimo cha daktari, ni sababu ya kumwendea daktari. Nta iliyoziba sikio imewahi kumpa mtoto sifa ya ukaidi, akala na bakora juu yake.

Na macho. Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu, na miwani haimrejeshei wote. Mahitaji yake darasani si makubwa kama watu wanavyodhani: akae mbele, mwanga wa dirisha usimpige usoni, aruhusiwe kofia, aruhusiwe kuinuka akausogelee ubao bila kuzomewa, na apewe maandishi makubwa.

Mlango wa kwanza ni skuli ya serikali iliyo karibu na nyumbani. Nalikazania hili kwa sababu bado wapo wazazi wanaoambiwa, "Mpelekeni mjini, kwenye skuli ya watoto wa namna hiyo." Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilitaka elimu mjumuisho, yaani mtoto mwenye ulemavu asome pamoja na wenzake katika skuli ya kawaida. Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu wake. Tanzania nayo iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 24 ni ya elimu. Lakini huna haja ya kumsomea mwalimu mkuu sheria. Akikwambia hawezi kumpokea, muulize kwa adabu: "Mwalimu, hapa anakosa nini, na nani anaweza kukileta?" Swali hilo lina jibu. "Kwa nini mnambagua mwanangu?" hata likiwa la haki, mara nyingi huzaa ugomvi tu.

Jibu lisipopatikana, chukua daftari lako uende ofisi ya elimu ya wilaya. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ina Kitengo cha Elimu Mjumuisho na Stadi za Maisha, na kazi hii ni yake. Mzazi wa Pemba usikimbilie boti kwenda Unguja, Wizara ina ofisi Chake Chake. Nauli iweke, huenda ukaihitaji siku utakayopewa rufaa ya hospitali ya Mnazi Mmoja.

Mtoto akishapokelewa, omba kikao na mwalimu wa darasa pamoja na yule anayeshughulikia elimu mjumuisho, mpange mpango wake mwenyewe wa kujifunza. Usiridhike na mpango unaosema "atasaidiwa kusoma". Na nani, siku gani, afike wapi ifikapo mwisho wa muhula? Kwa yule mtoto wa Micheweni tulikubaliana mambo matatu. Swali la hesabu asomewe, jibu alitoe kwa mdomo. Kila siku dakika kumi na herufi mbili tu, azichore mchangani kwa kidole huku akizitamka. Nyumbani, dada yake aache kumsomea ukurasa mzima, amfuatishe silabi kwa silabi. Mipango ya mambo kumi na tano nimeiona mingi, na karibu yote nimeiona ndani ya mafaili.

Kama mtoto wako ni kiziwi, usiiachie skuli peke yake. Akijifunza lugha ya alama na nyumbani hakuna anayeijua, atarudi na habari za kutwa nzima asipate wa kumhadithia. Chama cha Viziwi Zanzibar, CHAVIZA, ni pa kuulizia. Wasioona wana jumuiya yao ya ZANAB, na familia zenye watoto wenye ulemavu wa akili wanaijua ZAPDD. Wazazi waliotangulia watakwambia mambo ambayo sisi wa ofisini hatuyajui.

Kukataliwa kunaniudhi, lakini kuna kinachoniudhi zaidi: mtoto kupokelewa kisha akaachwa. Anakaa nyuma, hamsumbui mtu, kila mwaka anapandishwa darasa kwa "maskini, muacheni". Ijumaa fungua mkoba wake. Daftari lisilo na alama ya kalamu ya mwalimu hata moja ni sababu tosha ya kurudi skuli Jumatatu, na wala usiende kwa hasira.

Mitihani nayo ina maandalizi yake. Kwa mtihani wa kidato cha nne, Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi za nukta nundu kwa wasioona na za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na upo utaratibu wa muda wa ziada. Yote hayo hutegemea taarifa iliyopelekwa na skuli wakati wa usajili. Nenda wakati huo huo, iwe ni mtihani huo au ile ya Baraza la Mitihani Zanzibar, umuulize mwalimu mkuu kama hali ya mwanao imeandikwa katika fomu, na uombe uione kwa macho yako. Ukingoja mpaka ratiba ibandikwe ukutani, karatasi zitakuwa zishachapishwa.