"Haijaridhia" au imechelewa?

Nimeikuta tena sentensi isemayo kwamba nchi fulani ya Umoja wa Ulaya "haijaridhia" sheria mpya ya mikopo ya walaji. Linalozungumziwa ni Agizo namba 2023/2225, lililopitishwa Oktoba 2023, ambalo lilizitaka nchi wanachama ziwe zimetunga sheria zao ifikapo tarehe 20 Novemba 2025, ili zianze kutumika mwaka mmoja baadaye. Kuliingiza agizo katika sheria za nchi maana yake ni hiyo tu: nchi hutunga vifungu vyake yenyewe vitakavyoleta matokeo ambayo agizo limeyataka, na ikipitisha tarehe bila kuvitunga, imechelewa.

Kuridhia ni jambo jingine kabisa. Neno hili tumelipata katika Kiarabu, ni ndugu wa radhi na ridhaa, na ndani yake mna hiari, kwa kuwa anayeombwa ridhaa anaweza kuinyima. Ndiyo maana linakaa vizuri kwenye mikataba ya kimataifa, ambayo Bunge la Tanzania huiridhia au huiacha. Nchi ya Ulaya haiombwi ridhaa ya namna hiyo juu ya agizo, kwani ilikwisha kuitoa ilipojiunga na Umoja; Ibara ya 288 ya Mkataba wa Utendaji wa Umoja huo inasema kwamba agizo linaifunga nchi kuhusu matokeo, na kuiachia uchaguzi wa namna na njia. Hata iliyopiga kura ya kulipinga inafungwa. (Wengine huandika "kutafsiri", kana kwamba wanaochelewa ni wafasiri, ilhali agizo lenyewe hutoka likiwa tayari katika lugha 24.)

Tofauti hii ina gharama zake. Hispania ilipaswa kuliingiza agizo la kwanza la mikopo ya walaji, la mwaka 1986, kufikia mwanzo wa 1990, lakini ilitunga sheria hiyo mwaka 1995. Katika kipindi hicho mteja mmoja alikopa kulipia safari ya likizo, akalalamikia huduma ya wakala wa safari, akaacha kulipa mkopo, na aliposhtakiwa akataka kujikinga kwa agizo hilo. Mwaka 1996, katika kesi ya El Corte Inglés, kampuni iliyomkopesha, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba agizo ambalo halijaingizwa katika sheria za nchi haliwezi kutumiwa dhidi ya mkopeshaji binafsi. Njia iliyobaki ni kuidai serikali fidia ya hasara iliyosababishwa na ucheleweshaji. Serikali iliyoacha kuridhia mkataba isingedaiwa fidia ya aina hiyo, kwa sababu haikuwa na wajibu wa kuuridhia.

Kwa hiyo atakayeandika tena habari hii, namwomba aseme kwamba nchi imechelewa kuliingiza agizo katika sheria zake, hata kama sentensi itarefuka kidogo.