Neighbours: Oscar ya filamu ya makala kwa filamu isiyo ya makala

Kwenye orodha za Oscar, Neighbours (yaani Majirani) ya mtengenezaji filamu Norman McLaren ya mwaka 1952 imo miongoni mwa filamu fupi za makala zilizoshinda. Anayesoma orodha bila kuiona filamu yenyewe anaishia kusimulia mambo ya ajabu.

"Ni ugomvi wa kweli ulionaswa na kamera." La. Ni igizo la dakika nane hivi, kazi ya Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada. Waigizaji Grant Munro na Jean-Paul Ladouceur, ndio majirani wenyewe, wamekaa vitini wakisoma magazeti, nyuma yao nyumba za bandia. Ua linachipuka katikati, kila mmoja anadai limeota kwake. Uzio unajengwa, mbao zake zinageuzwa silaha, na mwishowe wote wawili wanazikwa, kila kaburi na ua lake. Filamu hiyohiyo iliteuliwa pia katika kundi la filamu fupi za kawaida, na huko ndiko, kwa maoni yangu, ilikostahili kushindia.

"Waigizaji wanaelea kwa kufungwa nyaya." Hakuna waya. Mwigizaji anaruka, kamera inapiga picha moja akiwa hewani; anatua, anasogea kidogo, anaruka tena. Picha zikiunganishwa, jamaa anateleza juu ya majani bila kuyagusa. Miguu yao jioni, usiulize.

Na milio inayosikika kwenye filamu si ya kinanda wala ngoma: ni michoro iliyowekwa kwenye mstari wa sauti pembeni mwa mkanda, projekta ikaisoma kama mlio.

"Ni kichekesho cha watoto." Mwanzo wake unachekesha kweli. Lakini mwaka 1949 McLaren alikuwa China kwa kazi ya UNESCO, akifundisha wachoraji kutengeneza picha za elimu ya afya, na mapinduzi yakamkuta hukohuko. Muda mfupi baada ya kurudi, vita vya Korea vikaanza. Ndiyo maana majirani hawa hawaishii kutupiana ngumi. Kila mmoja anamvamia mke na mtoto mchanga wa mwenzake. Kipande hicho kiliwahi kuondolewa, kikarudishwa miaka ya vita vya Vietnam. Kwa hiyo watu wawili wakibishana kama mtoto yumo au hayumo, huenda wote wanasema kweli: nakala walizoziona si moja.