Kizibo cheusi cha gego: kitolewe au kiachwe?

Matangazo ya meno "bila chuma" yamezagaa Mombasa, na waliozibwa magego zamani wanaingiwa na wasiwasi. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa sana.

Hiki kizibo changu cheusi kimetengenezwa kwa nini?

Kwa amalgamu. Takriban nusu ya uzito wake ni zebaki, na inayobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Kikishakauka huwa kigumu kwelikweli, ndiyo maana wapo wanaokitafunia hadi leo baada ya miaka 20.

Zebaki si sumu? Mbona nisikitoe leo?

Ni sumu, hilo halina ubishi. Kizibo hutoa mvuke wake kidogo mno mtu anapotafuna au kusaga meno usingizini, na kwa watu wengi kiasi hicho hakijaonekana kuwadhuru. Mashine ya kuchimbia ndiyo inayoachilia mvuke mwingi kwa mpigo, tena kila uchimbaji unakula sehemu ya jino iliyokuwa nzima. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2020, ilishauri kizibo kisicho na kasoro kiachwe, ila pawe na sababu ya kitabibu. Ilishauri pia wajawazito, wanaonyonyesha, watoto wadogo na wenye maradhi ya neva au figo wasiwekewe vipya.

Kweli, nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2025 kuachana na amalgamu ifikapo 2034. Sababu kubwa hapo ni mazingira: zebaki ikifika baharini, vijidudu huigeuza kuwa aina nyingine inayojilimbikiza kwa samaki wakubwa, kama papa na nduaro. Mama mjamzito anayeliogopa gego lake huku anakula papa kila wiki, hofu yake ameielekeza siko.

Basi kitolewe lini?

Kikivunjika, kikiachana na jino chakula kikanasa pembeni, eksirei ikionyesha uozo chini yake, au jino likipata ufa. Mabuyu yetu mekundu yamewapeleka wengi kwa daktari: unamung'unya sukari, unajisahau, unaikita mbegu kwa gego lililozibwa zamani, na ukuta mzima wa jino unakatika. Shavu linalogusana na kizibo likitoka michirizi myeupe isiyoisha, hiyo nayo ni sababu ya kuonwa.

Rangi nyeusi peke yake si ugonjwa. Ukitaka kukibadilisha kwa urembo ni hiari yako, bora usiambiwe kuwa ni tiba.

Daktari akikitoa, nitazamie nini?

Mpira mwembamba unaolizingira jino vipande visimezwe, maji mengi, na mrija wa kufyonza ulio karibu kabisa na kazi. Kizibo hukatwa vipande vikubwa badala ya kusagwa chote. Mabaki yana chombo chake, hayamwagwi kwenye karo. Uliza kabla ya sindano ya ganzi. Baada yake utakuwa unagugumia tu.

Nitawekewa nini badala yake?

Kwa tundu dogo au la wastani, kompositi: resini, aina ya plastiki, iliyochanganywa na chembe za kioo, inayogandishwa kwa taa ya buluu. Udhaifu wake ni umajimaji. Ufizi ukivuja damu au mate yakipenya, haishiki vizuri, na uozo hurudi mapema. Kwa hiyo fizi zilizovimba zitibiwe kwanza. Glasi ionoma, aina nyingine ya kizibo, huvumilia unyevu zaidi na hutoa floraidi, ila huchakaa upesi kwenye magego.

Jino likiwa limebaki kuta tupu, linahitaji kofia. Ya zirkonia imetokana na madini, lakini ni kauri, haina chuma tupu ndani. Inamfaa anayewashwa na nikeli, yule ambaye hereni za bei rahisi humtoa vipele masikioni.

Nimefunga. Naweza kuzibwa mchana?

Kitabibu hakuna kizuizi. La saumu mwulize ustadhi wako, au chukua miadi baada ya Idi.

Baada ya kuzibwa nile lini?

Kompositi huwa ngumu papo hapo, lakini subiri ganzi iishe usije ukajing'ata ulimi. Kahawa tungu na tambuu huitia madoa kadiri muda unavyokwenda. Ukiuma ukahisi upande mmoja umetangulia kugusana, rudi ikwanguliwe. Usingoje jino lizoee.