Pikipiki ya injekta inavuja petroli: tafuta panapovuja asubuhi, injini ikiwa baridi

Moshi na Arusha watu wengi hulaza pikipiki ndani. Wezi wapo, na kwa wapangaji wengi chumba ni kimoja: humo wanalala, humo wanapika, humo pikipiki inaegeshwa. Ndiyo maana mtu akiniambia "inanukanuka mafuta kidogo tu, si kitu", sikai kimya. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukatokea dirishani. Unashuka, unatambaa sakafuni na kupita chini ya mlango mpaka ukute jiko la mkaa au koroboi. Wala baridi haiuzuii. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze asubuhi ya Julai pale Sakina au Kiboriloni. Basi kabla ya jambo lolote: pikipiki inayonuka petroli hailali ndani. Ifunge kwa mnyororo uani, mbali na jiko, hata kama usiku huo hutapata usingizi kwa kuihofia.

Nafundisha kwenye karakana ya pikipiki katika chuo cha ufundi, na siku hizi tunaletewa nyingi za injekta, yaani zenye kifaa kinachonyunyizia injini petroli, zilizokula miaka 15 hadi 20. Nyingi ni zile kubwa za safari zilizonunuliwa mkononi. Wenye nazo huwa wameshapita kwa mafundi wawili watatu waliozoea kabureta, na shida huanzia hapo. Kwenye kabureta petroli hushuka kwa uzito wake, kama maji ya mtungi. Kwenye injekta kuna pampu, mara nyingi ndani ya tanki lenyewe, inayoisukuma kwa presha ya psi 40 na kitu. Tairi la gari dogo hujazwa psi 30 hivi, kwa hiyo piga picha mwenyewe. Ufa ambao kwenye kabureta ungetoa jasho tu, hapa unarusha mnyunyizo, na jirani yake ni ekzosi ya moto.

Ndiyo maana dawa za barabarani hazifai. Sabuni ya mche ukiipaka kwenye kitundu cha tanki inaweza kukufikisha nyumbani, lakini kwenye mpira wenye presha inatemwa mara tu pampu ikianza kusukuma. Ukanda wa tyubu nao hunyonya petroli, ukavimba, ukalegea.

Kabla ya kushika spana, jiulize inavuja lini. Ikidondosha usiku kucha ufunguo ukiwa umetolewa, anzia kwenye tanki: gasketi ya pampu, kutu kwenye mshono wa chini, mahali maji yanapotuama. Ikidondosha ufunguo ukiwashwa tu, tatizo liko upande wa presha: mipira ya kupitishia petroli, viungio, oringi (pete za mpira za kuziba) za injekta. Ikidondosha baada ya kujaza hadi mdomoni na kuegesha juani, huenda si ubovu. Petroli hutanuka, lita 15 zikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka zaidi ya robo lita, na ziada hiyo hutokea kwenye mpira wa kupumulia. Ya kuogopa ni ile inayonuka bila kudondosha popote. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Oili ikiwa imepanda na inanuka petroli, kuna injekta isiyofunga sawasawa na mafuta yanashukia ndani ya injini. Hiyo usiiendeshe hata hatua moja, kwa sababu oili iliyochujuka hailindi chuma.

Mzee mmoja alitujia kutoka upande wa Himo na pikipiki ya silinda moja, safi kwa macho, bamba la chini ya injini lina doa jeusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Hii inanidondoshea asubuhi. Nikiiendesha mpaka mjini inakauka. Fundi anasema ni pumzi ya tanki."

Tulilaza tanki upande, tukapangusa, tukawasha. Kavu kabisa. Vijana wangu wakataka kumrudishia. Nikamwomba mzee atuachie usiku mmoja, ikalala uwanjani, chini ya mwembe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukiwa na umande, tulipaka poda ya mtoto kwenye kila kiungio, tukafungua ufunguo bila kupiga stata. Pampu ikavuma sekunde mbili tatu, ikanyamaza. Tukarudia mara tatu. Kwenye kiungio cha plastiki kinachoshika mpira wa pampu, poda nyeupe ilibadilika rangi taratibu, ikawa kijivu, alama nyembamba kama mwezi mchanga. Oringi ilikuwa imekauka kwa uzee. Ikiwa ya baridi inasinyaa na kupitisha; ikipata joto la injini inatanuka na kuziba. Petroli ilikuwa inafuata fremu, inazunguka nyuma ya kifuniko cha betri, inadondokea mbele ya injini, karibu nusu mita kutoka ilikotokea.

Kwa hiyo usiamini tone. Fuata njia yake kwenda juu mpaka upate sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Vumbi letu la Ngaramtoni na Monduli, linaloharibu vitu vingi, hapa linasaidia: hugandia palipolowa na kuacha mstari wa tope unaoweza kuufuata kwa kidole. Ukikosa poda, saga chaki, au viringisha kipande cha karatasi ya choo kwenye kila kiungio.

Kazi hii ifanyike nje, injini ikiwa imepoa saa nzima, simu na sigara mbali, mtungi wa zimamoto wa poda au ndoo ya mchanga karibu. Maji hayafai, petroli huelea juu yake na moto husambaa. Kurunzi iwashwe kabla hujasogea. Kuna watu bado humulika kwa kiberiti, na nimeona mikono iliyoungua hivyo. Moto ukishashika, acha chombo, ondoa watu, piga 114, namba ya zimamoto.

Kabla ya kufungua kiungio, toa presha. Chomoa fyuzi ya pampu, washa injini iungurume mpaka izime yenyewe, kisha ondoa waya wa hasi wa betri. Funika kiungio kwa kitambaa unapokilegeza. Kitabaki na kijiko cha petroli kinachotafuta jicho lako.

Unaponunua mpira, soma maandishi ubavuni. Wa injekta huandikwa J30R9. Ule wa J30R7 ni wa kabureta na presha hiyo haikutengenezewa. Ukiwa mtupu, bila maandishi, uache dukani. Klempu ziwe laini ndani, maana zile zenye meno hukata mpira. Oringi iwe ya mpira unaostahimili petroli, mpya, ipakwe tone la oili safi kabla ya kuingia. Silikoni ya kawaida ya gasketi usiiguse: petroli huilainisha, vipande vyake huishia kwenye injekta, na badala ya tatizo moja unakuwa na mawili.

Tanki lililotoboka kwa kutu ni suala jingine. Usilipeleke kwa mchomeleaji eti kwa sababu umelimwaga likakauka. Tanki tupu ndilo limejaa mvuke, na huo ndio unaolipuka. Ama litafutwe lingine, ama lifanyiwe kazi na mtu mwenye utaratibu wa kuondoa mvuke kwanza, akueleze atafanyaje kabla hujamwachia.

Oringi ya mzee ilibadilishwa ndani ya dakika 20. Hatukumpa ufunguo siku hiyo. Tuliilaza tena chini ya mwembe, juu ya boksi lililokunjuliwa, na alfajiri tukapaka poda, tukafungua ufunguo mara tatu. Boksi lilikuwa kavu, poda nyeupe. Mzee aliinama, akanusa kiungio mwenyewe, kisha akavaa kofia yake.