Theluji ya Buffalo: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Ukihamia Buffalo, jimbo la New York, hutamaliza hata kufungua mizigo kabla hujasimuliwa habari za 1977. Wazee wa hapa wanaikumbuka dhoruba ile kwa saa na dakika. Wakongo na Warundi waliofika mjini kutoka kambi za wakimbizi kama Nyarugusu ya Tanzania wameirithi hadithi hiyo, sasa wanaisimulia kwa Kiswahili, na kila msimuliaji anaongeza nusu mita. Tangu Krismasi ya 2022 imepata mwenzake.

Katika hadithi zote mbili kinachotajwa kwanza ni kina cha theluji. Mimi naona hapo ndipo tunapopotea, kwani ukiangalia waliokufa walikufaje, kina chenyewe kina lawama ndogo. Waliuawa na upepo, na magari waliyoyaamini, na mioyo iliyoshindwa wakiwa na beleshi mkononi, na nyumba zisizo na joto, na msaada usioweza kuwafikia.

Dhana: Mwaka 1977 ilianguka theluji ya mita tisa

Matuta ya karibu mita tisa yalikuwapo kweli, na picha zake zipo. Lakini dhoruba ilipoanza Ijumaa ya 28 Januari hadi ilipokwisha 1 Februari, theluji mpya iliyoanguka ilikuwa kama sentimita 30 tu. Kwa Buffalo hicho si kitu cha kumtisha mtu.

Nyingine ilitoka wapi? Ilikuwa ziwani. Ziwa Erie, ambalo Buffalo iko ukingoni mwake, liliganda tarehe 14 Desemba 1976, mapema kupita kawaida yake, na kwa wiki sita theluji ikawa inajilundika juu ya barafu, kavu na nyepesi kama unga. Upepo ulipofika, ukipuliza hadi kilomita 111 kwa saa, uliikomba theluji yote hiyo na kuimwagia mji ambao tayari ulikuwa umeelemewa. Watu walitokea madirishani kwa sababu milango haikufunguka. Katika bustani ya wanyama, reinidia watatu, kulungu wa nchi za baridi, walipanda tuta, wakavuka uzio bila kuruka, wakaenda zao mjini.

Walikufa watu 29, na tisa kati yao walikutwa ndani ya magari yaliyofukiwa. Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya janga, mara ya kwanza serikali kuu ya Marekani kufanya hivyo kwa sababu ya dhoruba ya theluji.

Dhana: Ikianguka Buffalo, imeanguka mji mzima

Ndugu aliyeko Ohio anaona picha kwenye runinga, anapiga simu akilia, na wewe uko barazani unafagia sentimita tano. Hayo yalitokea kwa wengi Novemba 2014. Vitongoji vya kusini, kama Hamburg na Lancaster, vilipata zaidi ya mita moja na nusu kwa siku chache, na penginepo jumla ya wiki ilipita mita mbili. Wakati huo huo kaskazini mwa mji watu walikwenda kazini, wakiona upande wa kusini ukuta mweupe umesimama kutoka ardhini hadi mawinguni.

Sababu ni umbo la ziwa. Upepo baridi kutoka magharibi unasafiri juu ya Ziwa Erie kwa urefu wake, karibu kilomita 390. Maji bado yana uvuguvugu wa kiangazi. Hewa ya chini inapata joto na unyevu, inapanda, inaganda na kuwa theluji, na yote inaangukia kwenye mkanda mwembamba upande ambao upepo unaingia nchi kavu. Mkanda huo unaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Ukikaa juu ya mtaa wako kutwa nzima, umekwisha. Ukihama kidogo, wanakoma wengine.

Ndiyo maana ziwa likiganda theluji ya aina hii hupungua, maana mvuke umekosa njia. Na ndiyo maana hoja ya "dunia inapata joto, mbona theluji bado nyingi?" haina miguu. Barafu kwenye Maziwa Makuu ya Amerika imekuwa ikipungua kwa jumla tangu ilipoanza kupimwa kwa utaratibu mwaka 1973, ingawa miaka inapishana sana. Ziwa likibaki wazi hadi Januari, kila wimbi la baridi linalopita juu yake linakuta maji ya kuchota.

Dhana: Nina gari la magurudumu manne yenye nguvu, nitafika

Nguvu ya magurudumu yote manne inakusaidia kuondoka. Kwenye kusimama haikusaidii, na kwenye kuona mbele ndiyo kabisa. Tarehe 23 Desemba 2022 hewa ilijaa theluji inayopeperushwa hadi mtu hakuona bonneti ya gari lake. Hali hiyo iliendelea uwanja wa ndege kwa saa 37, na dhoruba ilipokwisha pale pale uwanjani zilipimwa zaidi ya sentimita 130. Magari ya zimamoto na ya wagonjwa yalikwama. Hata yale yaliyotumwa kuyakwamua mengine yalikwama.

Marufuku ya kuendesha ilitangazwa asubuhi ile ile, wengi wakiwa wameshatoka kwenda kazini au kutafuta chakula cha sikukuu. Uamuzi ule ulilaumiwa sana baadaye, na kwa haki: mwenye kulipwa kwa saa haachi kazi kwa sababu mawingu ni meusi, anaacha akiambiwa barabara imefungwa. Katika kaunti ya Erie, yenye mji wa Buffalo, walikufa zaidi ya watu 40.

Ukikwama, kishawishi kikubwa ni kushuka utembee kuelekea taa unazoziona. Usishuke. Katika upepo ule taa unaziona dakika moja, ya pili huzioni, na hulioni tena gari ulilotoka. Kaa ndani, funga kitambaa cha rangi kali nje, na washa injini kama dakika kumi kwa kila saa. Lakini kabla ya kuwasha, toka ukahakikishe ekzozi haijafukiwa, ukiwa umeshika gari muda wote, kisha uteremshe kioo kidogo. Ekzozi iliyozibwa inarudisha moshi wake kwako, na wapo waliopitiwa hivyo wakiwa wamestarehe kwenye joto.

Dhana: Umeme ukikatika, jiko la mkaa litatuvusha

Hii ni yetu tuliotoka Afrika, na naiogopa kuliko zote. Tumekulia kwenye nyumba zenye matundu juu ya madirisha, upenyo chini ya mlango, na jiko lenyewe mara nyingi linakaa nje hadi mkaa ukolee. Nyumba ya Buffalo imejengwa ili hewa isipite. Mkaa ukiwaka ndani yake unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mkaa uliokolea vizuri, usiofuka moshi hata kidogo, bado unaitoa. Kwa hiyo ile kauli ya "moshi umekwisha, ingizeni" ndiyo hatari yenyewe.

Jenereta katika gereji, hata mlango ukiwa wazi, ni vilevile. Februari 2021 baridi ilipoangusha umeme wa Texas, mamia ya watu walipelekwa hospitali kwa sumu hii, na wapo waliokufa. Dalili zinafanana na homa: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu. Ikiwa watu wote ndani ya nyumba wameshikwa kwa pamoja na wakitoka nje wanapata nafuu, hiyo si homa. Nunueni kile kidude cha kengele chenye betri. Na dhoruba ikitulia, kabla hujasafisha njia ya gari, kasafishe bomba la mtambo wa gesi unaopasha nyumba joto. Nyumba nyingi bomba hilo hutokeza ukutani, chini kabisa, na theluji huliziba bila mtu kujua.

Dhana: Kuzoa theluji ni mazoezi mazuri

Kwa kijana mzima wa afya, sawa. Kwa mtu wa miaka 50 ambaye tangu Oktoba kazi yake ni kukaa, ni mtego. Baridi inabana mishipa ya damu, presha inapanda, mikono inainua mzigo juu ya kiwango cha moyo, na watu hubana pumzi wakinyanyua. Utafiti wa Quebec, Kanada, uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba baada ya theluji nyingi, wanaume wanaolazwa kwa mshtuko wa moyo huongezeka. Uzito nao unadanganya. Theluji laini ya mita moja ya ujazo inaweza kuwa na kilo 100 au chini yake. Ile iliyoshindiliwa na greda mlangoni pako inaweza kupita kilo 300. Isukume, usiinyanyue. Zoa kidogo kidogo kabla haijarundikana.

Dhana nyingine, kwa haraka

Pombe inakupa joto: inaleta damu kwenye ngozi, unahisi moto, na joto la ndani linatoroka. Nusu ya joto la mwili hutoka kichwani: kichwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ngozi yako, na hupoteza kiasi kinacholingana na hicho, vaa kofia, ila usidhani inafidia koti. Vidole vilivyokufa ganzi visuguliwe kwa theluji: daktari mkuu wa upasuaji wa Napoleon, Larrey, alishauri hivyo baada ya kuona askari wakichoma vidole kwenye moto huko Urusi, na ushauri huo umedumu hadi kwa bibi zetu wa kuazima wa hapa. Leo madaktari wanataka maji ya uvuguvugu, kama nyuzi 37 hadi 39, bila kusugua. Chumvi inayeyusha barafu yoyote: chumvi ya kawaida huanza kulegea joto likishuka chini ya nyuzi 9 hasi hivi, kwa hiyo usiku wa baridi kali mwaga mchanga upate kukanyaga.

Dhana: Huku kila mtu na mlango wake

Krismasi ile ya 2022, katika kitongoji cha Cheektowaga, mwanamume mmoja aliyekwama na gari alibisha nyumba kadhaa akakataliwa. Hilo lilitokea, tusilifiche. Asubuhi aliona jengo la shule, akavunja dirisha, akaingiza zaidi ya watu 20 aliowakuta wamekwama magarini, wakala chakula cha mkahawa wa shule. Katika kitongoji cha Williamsville basi dogo la watalii wa Kikorea lilinasa. Abiria wawili wakaenda nyumba ya karibu kuomba beleshi, na wenye nyumba wakawaingiza wote wakalala, wakapika pamoja.

Yule wa shule aliacha barua ya kuomba radhi kwa dirisha na kwa chakula. Polisi walimtafuta hadi wakampata, wakitaka kumshukuru.