Je, Wajua Kwa Nini Chuo Kinachopokea Wengi Kinaweza Kukukataa Ukiomba Sayansi ya Kompyuta?

Mwanafunzi anasoma kwamba Chuo Kikuu cha Illinois, kile cha Urbana-Champaign nchini Marekani, hupokea karibu waombaji 4 katika kila 10. Alama zake za sekondari zinapendeza, mtihani wa SAT wa kuombea vyuo kaufanya vizuri, basi anakiandika kwenye orodha yake upande wa vyuo vya uhakika. Majibu yanatoka: hakupata. Mwenzake wa darasa moja, aliyekuwa nyuma yake kwa alama, kapokelewa chuo hichohicho kusomea historia.

Hapo hakuna aliyeonewa. Takwimu aliyoisoma ni ya chuo kizima, na yeye hakuomba chuo kizima. Aliomba sayansi ya kompyuta, ambako Illinois huchukua chini ya waombaji 10 katika kila 100. Chuo ni kimoja, milango ni miwili, na huo wa pili una foleni ndefu kuliko vyuo vingi vyenye majina makubwa.

Foleni hiyo imetoka wapi? Mwaka wa masomo wa 2008–09, vyuo vya Marekani vilitoa shahada za kwanza za kompyuta na sayansi za taarifa zisizofika 40,000. Kufikia 2021–22 zilikuwa zimevuka 100,000. Wanafunzi waliongezeka zaidi ya maradufu, lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mwenye shahada ya uzamivu ya kompyuta anayeweza kufundisha chuoni ndiye huyohuyo anayetafutwa na kampuni za teknolojia kwa mshahara ambao idara ya chuo haiufikii. Jengo jipya chuo kinaweza kulijenga kwa miaka michache, profesa hajengwi. Kilichobaki ni kuzuia idadi mlangoni.

Jinsi ya kuzuia ndiyo inayotofautiana, na mtu anayepanga orodha bila kuijua tofauti hiyo anapanga gizani.

Vipo vyuo vinavyochagua mtu kwa fani tangu mwanzo. Illinois ni mojawapo. Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle ni kingine: wengi wanaoingia kusoma kompyuta huchaguliwa wakiwa bado sekondari, na mwombaji asiye mkazi wa jimbo hilo ana nafasi finyu mno, ilhali chuo kwa ujumla hupokea watu wengi tu. Berkeley, chuo cha mfumo wa Chuo Kikuu cha California, zamani ilikuwa na njia ya pembeni. Ungeweza kuingia kitivo cha fasihi na sayansi, ukapasi masomo ya mwanzo kwa wastani uliowekwa, kisha ukajiandikisha kompyuta. Njia hiyo ilifungwa kwa walioingia kuanzia 2023. Sasa fani huombwa moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nacho kina shule nzima ya sayansi ya kompyuta, iliyoanzishwa 1988, na kiwango chake cha kupokea si kile cha vitivo vingine vya chuo hicho.

Vipo vinavyompokea mtu kwanza, fani baadaye. MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, hawamuulizi mwombaji fani ili wampime nayo. Mwanafunzi huchagua baada ya mwaka wa kwanza, na akitaka kompyuta anaipata. Stanford ni hivyohivyo. Ugumu wote uko kwenye lango la nje, na ni ugumu kwelikweli, lakini ukishaingia hakuna lango la pili. Vyuo vidogo vya sayansi na fasihi navyo hufuata utaratibu huu, ingawa kwenye baadhi yao madarasa ya kompyuta hujaa na nafasi zikagawiwa kwa bahati nasibu. Uliza kabla.

Katikati kuna mtego ambao Texas inauonyesha wazi. Sheria ya jimbo ya 1997 iliahidi kwamba mwanafunzi aliye kwenye asilimia 10 ya juu ya shule yake ya sekondari atapokelewa moja kwa moja vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kilifurika hadi kikaruhusiwa kubana, asilimia 6 ya juu kwa miaka kadhaa, kisha 5. Lakini hata huyo wa asilimia 5 ameahidiwa chuo tu, fani hakuahidiwa. Anaweza kupokelewa Austin na asipewe kompyuta. Kukaribishwa barazani si kuingia ndani, na kila mwaka wapo wanaoligundua hilo siku ya majibu.

Sasa turudi kwenye orodha. Washauri wengi huigawa mafungu matatu: vyuo vya ndoto, vyuo vya saizi yako, na vyuo vya uhakika. Mgawanyo huo ni sawa, ila kwa mwombaji wa kompyuta kila chuo kipimwe kwa kiwango cha fani. Kiwango hicho kisipotangazwa, na vyuo vingi havikitangazi, mimi ningekishusha chuo daraja moja: kinachoonekana cha saizi yako kihesabu cha ndoto, kinachoonekana cha uhakika kihesabu cha saizi yako. Ni afadhali kukosea upande huo.

Kwa nini watu wasiombe tu vyuo vigumu 20, kwa hoja kwamba kimojawapo lazima kitakubali? Common App, mfumo wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja ambao vyuo zaidi ya 1,000 huutumia, huruhusu hadi 20, na hesabu ya juujuu inavutia. Kama kila chuo kina nafasi ya 5 katika 100, uwezekano wa kukataliwa na vyote 20 ni 0.95 ikizidishwa yenyewe mara 20, yaani kama 0.36. Maana yake una nafasi ya 64 katika 100 ya kupata angalau kimoja! Kosa liko ndani ya hesabu yenyewe. Inadhani kila chuo kinarusha sarafu yake bila kujali vingine. Faili lako ni lilelile kila linapofunguliwa: alama zilezile, insha ileile, mradi uleule wa programu ambao waombaji wengine maelfu pia wanao. Kinachomfanya msomaji wa chuo cha kwanza asitishe kalamu kitamfanya wa kumi naye asitishe. Udhaifu wako unasafiri nawe. Kwa hiyo nafasi halisi iko chini ya 64, na kwa faili la kawaida iko chini sana. Juu ya hapo, kila chuo cha kundi hilo kinataka insha zake, na insha ya ishirini huandikwa na mtu aliyechoka.

Vyuo 8 hadi 12 vinamtosha mtu, na nusu nzima ya orodha isiwe ndoto. Lakini idadi si jambo kubwa kama mahali pa kuanzia. Wengi huanza juu: majina yanayong'aa kwanza, kisha usiku wa mwisho wanatupia vyuo viwili vya uhakika ambavyo hata ukurasa wa idara hawajausoma. Geuza. Anza na chuo cha uhakika, na usisogee mpaka umepata kimoja ambacho ungekwenda bila kununa.

Chuo cha uhakika ni kile kinachotangaza masharti, nawe unayatimiza na ziada. Vyuo vikuu vya umma vya Iowa vina fomula inayojulikana: alama ya ACT, mtihani unaofanana na SAT, mara 3, jumlisha wastani wa alama za sekondari (kwa kipimo cha 4) mara 30, jumlisha idadi ya masomo ya msingi mara 5. Mwanafunzi mwenye ACT 26, wastani 3.5 na masomo 16 anapata 78, 105 na 80, jumla 263. Anayefikisha 245 hupokelewa Iowa State, kimojawapo cha vyuo hivyo. Hapo hakuna cha kubahatisha. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba fani yenyewe haina sharti lake la ziada, na kwamba baada ya mwaka wa kwanza hakuna mchujo mwingine. Swali hilo la mchujo wa baadaye watu hulisahau. Baadhi ya vyuo humwita mwanafunzi mpya wa kompyuta kwa jina la fani, kumbe bado yuko kwenye majaribio mpaka apate wastani fulani katika masomo ya programu na hesabu.

Na asikudanganye mtu kwamba chuo cha uhakika ni chuo cha aibu. Ni Iowa State hiyohiyo ambako John Atanasoff na mwanafunzi wake Clifford Berry walijenga, kati ya 1939 na 1942, mashine ya kukokotoa ya kielektroniki ambayo mahakama mwaka 1973 iliitaja ilipobatilisha hataza ya kompyuta ya ENIAC. Chuo Kikuu cha Utah, ambacho hupokea waombaji wengi, kilikuwa kimojawapo cha vituo vinne vya kwanza vya ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, mwaka 1969. Chuo Kikuu cha Purdue kilifungua idara ya kwanza ya sayansi ya kompyuta Marekani mwaka 1962, ingawa siku hizi fani hiyo pale si ya uhakika kwa mtu yeyote. Kwa fungu la vyuo vya saizi yako, kuna vyuo binafsi vya ufundi ambavyo hutajwa mara chache kuliko vinavyostahili, kama Rochester Institute of Technology na Worcester Polytechnic Institute, vinavyopokea zaidi ya nusu ya waombaji na kufundisha kompyuta kwa uzito.

Halafu kuna fedha, na hapa orodha nyingi hubomoka mwezi wa Aprili. Asiye mkazi wa California akipokelewa Berkeley hulipa nyongeza ya zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya ada ya wakazi, na vyuo vya mfumo huo wa California havimpi ruzuku ya uhitaji kutoka mfuko wao. Chuo kilichokupokea lakini huwezi kukilipia hakikuwa cha uhakika. Kila chuo kinachopokea misaada ya serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi kinatakiwa kisheria, tangu 2011, kuweka kwenye tovuti yake kikokotoo cha gharama halisi. Kwa Mmarekani, dakika 15 za kukijaza pamoja na mzazi zina thamani kuliko wiki nzima ya kusoma orodha za ubora. Anayeomba kutoka nje ya Marekani atazame jambo jingine kabla ya yote: kama chuo kinatoa msaada kwa wageni, na kama kuomba msaada kunapunguza nafasi ya kupokelewa. MIT ni miongoni mwa vichache ambavyo hali ya kifedha ya mgeni haiangaliwi wakati wa kuchagua. Vyuo vya umma kwa kawaida vina ruzuku ndogo sana kwa wageni.

Kuna ujanja unaosambazwa sana: omba fani isiyo na foleni, falsafa au jiografia, kisha ukishaingia hamia kompyuta. Mlango huo ndio ambao vyuo vimeuziba kwa saruji. Illinois na Washington zinaonya waziwazi kwamba kuhamia kompyuta baadaye ni vigumu mno, na Washington humshauri mtu asiyetaka kitu kingine ila kompyuta afikirie chuo kingine kilichompokea kwa fani hiyo. Ukiomba falsafa, iwe ni kwa sababu ungesoma falsafa. Tofauti na ujanja huo ni fani za jirani zinazofundisha sehemu kubwa ya mambo yaleyale: hisabati yenye kompyuta ndani, takwimu, sayansi ya data, au programu za Illinois zinazounganisha kompyuta na isimu, uchumi au astronomia. Hizo nazo zina ushindani, wakati mwingine mkali, lakini ukizipata umepata shahada yenye kazi.

Ratiba inaweza kuipunguza orodha bila maumivu. Maombi ya mapema yasiyomfunga mtu, ambayo kwa Illinois na Purdue hufungwa tarehe 1 Novemba, hutoa majibu kabla ya wengine. Vyuo vinavyojibu kadiri maombi yanavyoingia vinaweza kukujibu hata Oktoba. Maombi ya mapema yanayofunga ni jambo jingine kabisa: ukikubaliwa lazima uende, hata kabla hujaweza kulinganisha misaada ya vyuo vingine, hivyo yanamfaa tu ambaye kikokotoo kimemridhisha. Jibu la ndiyo kutoka chuo cha uhakika likifika kabla ya mwaka kwisha, pitia orodha na ufute kila chuo ambacho usingekichagua mbele ya hicho. Muda uliobaki upeleke kwenye insha za vile viwili au vitatu ambavyo bado unavitaka.